Kadi ya Watu Wawili

Mjukuu wangu Jeska,

Amahoro. Huku Heru Juu mihogo imekubali, na mjomba wako amepona mguu. Mimi ni magoti tu, hayanisikilizi tena.

Umeuliza kwa nini nilikurudishia kadi ya harusi yako, kama umeniudhi. Hujaniudhi. Kadi imeandikwa watu wawili, na babu yako tulishamzika.

Siku hizi kila kitu ni kadi. Zahanati kadi, kupiga kura kadi, benki kadi. Mimi kadi ya kwanza kuishika ilikuwa ya mgao wa chakula, kambini kwa wakimbizi, nikiwa msichana. Ilisema nyumba yetu ina watu sita. Mdogo wangu Eliya alipofariki, mama hakwenda kutoa taarifa. Siku ya mgao akanituma mimi. Karani akauliza, "Wote sita mpo?" Nikajibu, "Tupo." Akaitoboa kadi, akanipimia unga wa watu sita.

Siku ile mama alisonga ugali, akamtengea Eliya fungu lake kama kawaida. Hakuna aliyeligusa. Mama simlaumu, hata leo. Ila kadi inayomhesabu mtu ambaye hayupo siwezi kuishika, mjukuu wangu. Nimechoka nayo.

Niandikie nyingine, ya mtu mmoja. Nitakuja. Mlangoni wakiniuliza tuko wangapi, nataka nijibu bila kuangalia chini.

Ni mimi bibi yako.