Mavyaa Anataka Kuyang'oa Mabenchi

Bi Mwanakheri, shikamoo. Naomba unisaidie na unisamehe mwandiko, maana mwanangu Munga, wa mwaka mmoja na miezi minne, sasa hivi tu ametia mkono kwenye bakuli la vidonge vya muhogo, akatoa kimoja kinachonata kwa sukari guru, akambandikia mzee Kadenge kwenye kipara, na mzee alikuwa amesinzia, akajipapasa akaniambia, "Sidi, bati lenu lavuja," hoteli nzima ikacheka, nami nikacheka mpaka nikakumbuka kwamba baada ya Jumamosi wacheshi hawa hawatakuwa na pa kukaa.

Niko Utange, hoteli ni ya mavyaa, mama wa mume wangu, anauza chai na mahamri, na wazee wanakaa na kikombe kimoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kabla sijajifungua niliosha vyombo Nyali kwa mama mmoja wa Taiwan, Madamu Lin, aliyeuza chai ya kwao, baridi, ya maziwa na vidonge vyeusi vya muhogo unavyofyonza kwa mrija mnene, akanifundisha, nami nikamfundisha mavyaa, na muhogo kwetu hautafutwi mbali, basi vijana wakajaa, na mavyaa ambaye hajawahi kunisifu hata kwa ugali akaanza kuniita mwanangu mbele za watu.

Sasa anasema, "Mwanangu, vijana wanachukua wanakwenda zao, hawa wazee wamekaa kama waliochongwa. Kadenge hata akifa hapa tutajua jioni." Amemwita fundi Jumamosi aje ayang'oe mabenchi yote.

Bi Mwanakheri, kuna kitu nimemficha mavyaa. Babake Madamu Lin alikuwa na nyumba ya chai huko kwao, watu wanakaa na birika dogo na vikombe kama vya kuchezea, maji ya kwanza yanamwagwa, ya pili ndiyo yananywewa, wanazungumza mpaka jua linatua, halafu Madamu mwenyewe akamshawishi atoe viti wauze chai ya kubeba, na wakauza sana, ila wazee hawakurudi, babake akawa anasimama mlangoni siku nzima hana wa kuongea naye, na sasa ati vijana wa huko huko wanazitafuta zile nyumba za zamani wakae. Sikumwambia mavyaa kwa kuogopa hataniita tena mwanangu, na mkaza mwana kumpinga mavyaa kwetu ni aibu, na mume wangu Mramba anasema nisimtie katikati, nami natumaini bado iko njia, kwa sababu mimi huyu mavyaa nampenda na, ngoja, ananiita, maziwa yanafurika, nilitaka tu kusema kwamba

*Bi Mwanakheri anajibu:*

Marahaba, Sidi. Barua imekatika lakini imefika. Kwanza la mtoto: bakuli hilo lipande juu leo hii. Vidonge hivyo hukaba watoto. Umecheka, nami nimecheka, basi.

Sasa wewe. Kuleta chai ya wageni si kosa, hata hii ya maziwa tunayoiita yetu ililetwa na watu. Kosa lako ni kunyamaza kwa utamu wa kuitwa mwanangu. Wallahi nakuelewa, mavyaa wangu alikaa miaka sita bila kuniita chochote. Lakini aliyekuita mwanangu amekupa ruhusa ya kusema. Mkaza mwana ndiye anayenyamaza.

Usimtume Mramba. Kesho mkiwa wawili mnakanda mahamri, mikono ina unga na hamtazamani sana, anza na kosa lako: "Mama, kuna jambo nilikuficha." Mweleze lote, na pale pa kusimama mlangoni usiparuke, maana naye anazeeka, na hao wazee anaowatukana ndio mazungumzo yake. Fundi aje, lakini atoboe dirisha upande wa barabara, wenye mirija wachukulie hapo, mabenchi yabaki ndani.

Akikasirika, endelea kukanda. Akikataa kabisa, mwombe abakishe benchi moja, na Jumapili mkitoka ibadani kaa hapo na kikombe chako kama mteja, mpaka aje akae nawe.