Nimempalilia Mkwe Nisiyemtaka

Mpendwa mama mshauri, pokea salamu za mtu ambaye hata barua hii anaiandika amesimama, maana nikikaa mchana najiona kama nimeiba. Naomba msaada, na naomba upesi, kwa sababu Jumapili ijayo wageni wanakuja nyumbani kwangu kumposa binti yangu, na mwanamume anayemtaka ni yule yule ambaye miaka yote nimekuwa nikimtolea mfano wa uvivu, na mke wangu ameshakubali, na sababu ya kukubali kwake ni mimi, ila hajui kuwa ni mimi, na nikimwambia nitakuwa nimejimaliza.

Mimi ni mkulima. Sijisifu, lakini ukiuliza hapa kwetu nani huamka kabla ya jogoo utaonyeshwa nyumba yangu, hata na wale wasionipenda. Marehemu baba alinifundisha kwamba mtu mwenye gugu shambani halali, na mimi neno hilo nimelishika, mahindi yangu yamenyooka, ukisimama kichwani mwa mstari unauona mwisho wake. Sinywi, sikai vijiweni, msibani nakwenda, nashika sepetu, nazika, narudi shambani na udongo ule ule kwenye viatu.

Sasa jirani ninayepakana naye ni kijana tunayemwita Kesho. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake, maana ukimuuliza unalima lini, kesho, unapalilia lini, kesho, ukuta wa nyumba yako una tundu la kupita mbuzi utauziba lini, kesho, Mungu akipenda. Shamba aliachiwa na mama yake. Akishapanda, na kupanda kwenyewe ni kumwaga mbegu kama mtu anayelisha kuku, huenda kukaa kivulini na redio yake akangoja Mwenyezi Mungu afanye iliyobaki.

Msimu huu magugu yake yalifika magotini, na gugu, mama, halina habari na mpaka. Nikamwendea kwa adabu nikamwambia, kijana, magugu yako yananitazama. Akasema, "Usijali mzee wangu, kesho." Nikavumilia, nikashindwa. Alfajiri moja nilikuwa kwenye mstari wangu wa mwisho, nikanyoosha mkono ng'ambo nikang'oa gugu moja, moja tu, lile lililoniinamia. Kisha nikang'oa la nyuma yake. Jua linachomoza nilikuwa nimemaliza mstari wake mzima, na nilijisikia vizuri kwa namna ambayo naona haya kuieleza.

Nisikuchoshe. Kila alfajiri nikawa namwambia mke wangu naenda kutazama mfereji, kumbe napalilia kwa Kesho, nikalimaliza shamba lote, nikapunguza miche pale alipoibananisha, nikayapandishia udongo mahindi, nikatia samadi, tena samadi ya ng'ombe wangu mwenyewe. Mke wangu akaanza kuniuliza ni mfereji gani huo usiopona. Na kijana mwenyewe ni mzembe kiasi kwamba jembe lake alikuwa akiliacha pale mpakani usiku kucha, limenolewa vizuri, nikawa nalitumia hilo ili langu lisichakae, na mara nyingine nikakuta na dumu la maji ya kunywa limesahauliwa pembeni yake, nikanywa, nikasema moyoni, huyu hata vitu vyake mwenyewe havijali.

Mahindi yakatoka, mama, yakatoka kweli kweli. Bwana shamba akipita na pikipiki yake akasimama, akashuka, akavua na kofia. Wiki iliyofuata akaleta wakulima wengine waje kujifunza, na mimi nikaitwa, nikaenda, nikasimama nyuma katikati ya mahindi niliyoyapandishia udongo kwa mikono hii, nikamsikiliza Kesho akiwaambia watu wazima kwamba siri ya kilimo ni kutokuwa na haraka, kwamba ardhi ukiisumbua sana inakununia. Watu wakaandika. Bwana shamba akanigeukia akasema, "Mzee, wewe unatumia nguvu nyingi mno. Jifunze kwa vijana." Nikamjibu ndiyo.

Hapo ndipo mke wangu alipogeuka. Zamani nikimtaja Kesho alikuwa akisonya, siku hizi anasimama kwenye mlango wa jikoni, ambao umeng'oka bawaba moja na ameniomba niutengeneze na mimi nimemwambia mgongo unaniuma, na kweli unauma, anatazama ng'ambo anasema, "Shamba lile halina hata jani. Nilimdharau bure mtoto wa watu." Nikajaribu kumwambia mambo siyo kama yanavyoonekana. Akaniambia, "Baba watoto, huo ni wivu, na kwa umri wako haukupendezi."

Binti yetu ni fundi cherehani, anashonea barazani. Kesho amekuwa akija kukaa pale mchana kutwa, nikadhani analeta suruali kushonwa, mpaka nikajiuliza suruali gani hiyo inayochanika kila siku na mwenyewe hafanyi kazi. Walipotuambia wanataka kuoana nilimwita binti pembeni nikamuuliza, mwanangu, umeona nini kwa huyu mtu? Akasema, "Baba, ana nafasi ya kunisikiliza." Sasa mama mshauri, mtu mwenye nafasi si ni mtu asiye na kazi? Mtoto niliyemsomesha kwa jembe, hilo halioni. Nikamwambia, lakini huyu si mkulima. Akatabasamu, akasema, "Shamba lake si unaliona, baba?" Akaendelea kushona.

Basi niko njia panda. Nikinyamaza, binti yangu anaolewa na mtu ambaye msimu ujao atavuna magugu, halafu ama wale magugu hayo ama mimi nilime mashamba mawili mpaka naingia kaburini. Nikisema, mke wangu atajua kwamba mgongo uliokataa mlango wake ulikubali shamba zima la jirani, na tena kuna maharage yetu ya bondeni ambayo sijakueleza habari zake, yalikauka yakapasukia shambani kwa sababu sikupata muda wa kuyavuna, nikamwambia ni wadudu. Nilifikiria kuacha kupalilia ili shamba la Kesho lioze wageni wakija waone aibu, nikaacha siku mbili, siku ya tatu nikaliona gugu. Naomba unipe maneno ya kuvunja posa hii bila kutaja jembe. Na jina langu tafadhali lifiche.

Ni mimi, Mgongo Unaniuma.

JIBU

Mgongo Unaniuma,

Pole na mgongo. Pole imeisha, sasa nisikilize, na kama unaweza, kaa.

Jina lako nimelificha ulivyoomba, ila sijui nimelificha kwa nani. Gazeti hili linatoka Ijumaa, Jumamosi linafungiwa chumvi dukani, na mkeo hununua chumvi kama wanawake wengine. Akisoma habari za mfereji usiopona hatahitaji jina. Kwa hiyo suala la kusema au kutosema limekwisha. Mwambie leo, kwa mdomo wako, ya jembe na ya maharage, asije akakusoma. Ila mlango wa jikoni utengeneze kabla hujaanza kusema, maana ukimaliza unaweza kutolewa kwa kupitia huo huo.

Unataka maneno ya kuvunja posa bila kutaja jembe. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Uvivu wa huyo kijana umeupalilia wewe na kuutia samadi, leo umezaa unauita mbaya. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe uliinama msimu mzima na mvunguni hukuwa na chako.

Halafu baba, barua yako uliisoma kabla ya kuituma? Mtu ambaye hajaziba tundu la kupita mbuzi, jembe ananoa la nini? Unadhani kuna mwenye shamba, hata awe na usingizi wa pono, atakayeamka akute mahindi yamepandishiwa udongo na samadi imetiwa, afikiri imenyesha? Kijana anajua. Anajua tangu mstari wa kwanza. Wewe unamwona mzembe anayesahau jembe, kumbe mwenzio ni tajiri na wewe ndiye kibarua wake, kibarua asiyedai mshahara na anayekuja na samadi ya kwao.

Na lile dumu la maji? Huyo Kesho hawezi kuamka kumtekea mtu maji alfajiri. Mkeo alikuwa akiamini mfereji. Nyumbani kwako amebaki nani? Lirudie tena jibu alilokupa binti yako ulipomwambia mchumba wake si mkulima, na ulitazame vizuri lile tabasamu. Mama yake ndiye aliyedanganywa na shamba. Yeye binti anajua nani analipalilia, amekuwa akikuona ukipita gizani, amekuwekea maji unywe, na bado anamtaka yule wa kivulini. Hilo ndilo lilipaswa kukuuma.

Kumsomesha mtoto kwa jembe si jambo dogo, na kwa hilo nakuvulia kofia mimi, siyo bwana shamba. Lakini kazi yako imefika mahali unapalilia kwa mtu usiyempenda huku maharage yako yanapasuka na mke wako anahangaika na mlango. Hiyo sasa siyo kazi, ni namna ya kutokuwepo nyumbani. Wenzako wanaokimbia nyumba zao huenda kilabuni. Wewe huenda kwenye magugu, na kwa kuwa magugu hayanuki mdomoni, watu wanakusifu. Binti yako amekulia humo. Usishangae akimtamani mwanamume ambaye akiitwa jina anageuza kichwa.

Sikuambii huyo ni mkwe mwema. Kijana anayejifunika shuka huku baba wa mchumba wake anamlimia, kisha akasimama mbele ya wakulima kuwafundisha kutokuwa na haraka, ni mkavu wa macho. Huenda humsikiliza binti kwa sababu hana pengine pa kwenda. Lazima ijulikane kabla ya ndoa, baada ya ndoa itajulikana yenyewe.

Kwa hiyo jembe la watu lirudishe. Usiliache mpakani, mpelekee mkononi, mchana, mwamshe. Umwambie unajua kwamba anajua. Matusi usitoe, wewe ulivuka mpaka kwa miguu yako. Jumapili wageni wapokee kwa heshima, uwaambie jibu litatoka baada ya msimu ujao, na msimu huo shamba atalima mwenyewe, kuanzia kupanda mpaka kuvuna. Akitoka na mahindi machache yaliyokondeana, ni yake, na binti akiyataka, mpe mkono mkwe wako. Akisema kesho, binti atakuwa amesikia kwa masikio yake na wewe hutalaumiwa. Lakini katika msimu huo wote usivuke. Gugu litakuita kwa jina lako. Usiitike.

Bwana shamba mwache alivyo, ameshazoea kudanganyika.

Na kabla ya hao wageni, kavute kiti ukakae barazani kwa binti yako. Nenda mchana, jua kali, wakati shambani kuna kazi na wewe unajua kuna kazi. Atakuuliza unaumwa nini. Mwambie huumwi. Muulize anataka maisha ya namna gani, kisha nyamaza. Usimkatize, usitazame mawingu, usimwambie habari za babu yake. Ana mengi, amekusanya tangu yuko mdogo, na mengine hayatakufurahisha. Msikilize mpaka afike mwisho. Ukiinuka kabla hajamaliza, basi Jumapili kubali posa na usiwasumbue watu, maana utakuwa umemwonyesha mwenyewe kwamba hakukosea kuchagua.