Mguu wa Shangazi Ngolo

Roza uko? Soma hii ukiwa peke yako.

Nimetoka chumbani kwa shangazi Ngolo sasa hivi. Si unajua wote tunasema hakuolewa kwa sababu ya ule mguu wa polio? SIYO!!

Mwaka sabini na sita, huko Usangu. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anasema, "Kiwete nani atamuoa?" Watu wanamhurumia, wanamwacha. Kumbe moyoni anashukuru. Hakuwahi kumtamani mwanaume, wala mtu yeyote, hata siku moja. Mguu ndio ulikuwa kinga yake.

Halafu akaja mtu anaitwa Bujiku, na ng'ombe wake wa mahari. Babu akamwambia ukweli, binti ni kilema. Bujiku akajibu, "Mguu haunisumbui."

Haunisumbui!! Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mchele, ungo ukamponyoka. Akajua kinga imekwisha.

Akatoka na mkongojo wake mpaka mbele ya wazee. "Baba, siyo mguu. Hata ningekuwa na miguu mizima, mwanaume nisingemtaka."

Bibi akasema, "Mwanangu amerogwa." Wakapanga kesho yake wampeleke kwa mganga. Alfajiri shangazi akadandia lori la mpunga, hakushuka mpaka Nyololo.

Roza, kanisimulia haya baada ya kusikia kuna wageni wanakuja Jumamosi kunichumbia. Akaniangalia weeee, akauliza, "Na wewe utawaambia nini?"

Mimi miguu yangu yote mizima, Roza.