Mashine Itoke Sebuleni, Mama Arudi

Hai Jalaba, Juba
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama Tereza,

Kabla ya lolote, umelala? Na usiniambie umelala kumbe umeketi kwenye cherehani. Daktari alisema miguu iinuliwe juu ya mto, na huku niliko sina wa kunihakikishia kwamba mto uko chini ya miguu na si chini ya kitambaa cha mteja. Yule wa tumboni anacheza? Tereza anakula, au bado anachagua nyama na kuacha ugali? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ile malaria ya juzi imeondoka. Roho ndiyo haijatulia, na sababu unaijua.

Naandika kwa kalamu kwa kuwa simu yangu hupokei. Sikulaumu. Mara ya mwisho tulipoongea nilikujibu vibaya. Nilisema kioo si mtu, nikasema hizo ni imani za kale, nikasema mama yako alikuwa anatafuta sababu ya kurudi kwao. Ukakata. Hata mimi ningekata. Barua hii namkabidhi Okello, yule dereva wa lori aliyekuletea ile mashine ya kioo. Leo analala Nesitu na kesho anashika njia ya Nimule. Tafadhali isome mpaka mwisho, hata kama utaisoma kwa hasira.

Tangu nikutumie ile kompyuta nimejisifu nayo kama mtu aliyejenga ghorofa. Kila aliyeingia dukani nilimwambia kwamba mke wangu anayo nyumbani, haina sanduku la pembeni, haina nyaya za kumkwaza mtoto, kila kitu kimo ndani ya kioo na unaigusa kwa kidole tu. Na kweli ilisaidia, usinikatalie. Wateja wako waliacha kuyararua yale majarida ya mishono. Wanachagua magauni ya gomesi kwa kidole, na anayetaka kuona shingo vizuri anaivuta kwa vidole viwili inakuwa kubwa. Tereza alizijua herufi kwa kuzigusa. Hata Mama, ambaye simu ya vitufe humshinda, uliniambia amejifunza kufungua kwaya za kanisa lao bila kumwita mtu, maana anagusa picha ya wale waimbaji nao wanaanza kuimba. Nilifurahi siku hiyo hadi nikawanunulia wenzangu chai. Nilijiona mkwe bora Busia nzima.

Tena tulikuwa tumepanga vizuri, mimi na wewe. Mama asingekubali kamwe kulala chini ya paa langu kama ningekuwapo. Kwenu na kwetu ni mamoja: mtu na mama wa mkewe hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mwenzake apite. Alikuja kukutunza kwa sababu niko mbali. Wewe mwenyewe ulicheka ukasema Juba ndiyo iliyokuletea mama. Nami nikaahidi nitakuwa napiga jioni tu, yeye akiwa jikoni nje na wewe umejilaza kwenye kochi. Nikaipanga mashine ipokee yenyewe kila nikipiga, ili usiinuke na hilo tumbo. Nilifanya hivyo kwa kukupenda, nakuapia.

Sasa kuna jambo sijakuambia. Mjomba wako ananiambia ulinitetea kwa Mama. Ulimwambia asinikasirikie, eti asubuhi ile nilipiga kwa wasiwasi, nilikuwa nimeota ndoto mbaya kuhusu mimba. Hiyo ndoto nilikutajia mimi, na haikuwapo. Nilipiga kwa sababu ya biashara.

Kulikuwa na mama mmoja dukani, anatoka upande wa Bilpam, mumewe ni askari. Alitaka mashine ya watoto wake kusomea, lakini alikuwa anasitasita. Alisema vitu vya kioo ni maringo, vinakaa sebuleni kama pambo na hakuna anayevitumia. Mimi na kiherehere changu nikamwambia asubiri, nimwonyeshe nyumba yangu mwenyewe aone. Nikagusa jina lako kwenye mashine ya dukani, mbele yake, mbele ya Lado tajiri wangu, mbele ya vijana waliokuja kununua wino. Sikukumbuka kwamba ni asubuhi, wala sikukumbuka kwamba nina mama mkwe nyumbani. Nilikuwa nawaza kuuza tu.

Sebule yetu ikafunguka. Mama alikuwa ametoka kuoga, amejifunga leso kifuani, mabega wazi, ameketi anajipaka mafuta huku anasikiliza kwaya yake. Kwaya ikanyamaza na uso wangu ukajaa kioo kizima. Tukatazamana macho kwa macho, jambo ambalo halikutokea hata siku nilipoleta mahari. Akashtuka. Niliuona mkono wake ukija, anataka kunizima kama anavyozima waimbaji wake. Kumbe kidole kinatua usoni pangu. Akagusa tena, akagusa tena, na mimi sikuondoka. Wewe ndiye uliyeniambia baadaye kwamba alama za mafuta zilikuwa zimejaa pale uso wangu ulipokuwa.

Ningekata papo hapo, labda tungezungumza mengine leo. Badala yake nilijitupa chini ya meza. Nilidhani kujificha ndiyo heshima. Basi mashine ikabaki inawaonyesha watu wa duka zima mama yako akiwa na leso, na yeye anawaona wao. Vijana walicheka. Yule mama wa Bilpam naye alicheka, mpaka aliponiuliza huyo ni nani, nikamjibu kutoka kule chini kwamba ni mama wa mke wangu. Kicheko kikamkauka. Alijiziba mdomo kwa kiganja akageukia ukuta. Lado ndiye aliyezima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kosa liko wapi, maana hata huku mama wa mke haangaliwi ovyo.

Lado unamjua kwa kunisikia nikimtaja. Amekulia ukimbizini Uganda na Kiswahili chake ni cha kule. Si mtu wa kugomba. Aliinama akanitazama pale chini ya meza nilipojikunyata, akasema polepole, "Ndugu yangu, mama ya bibi yako, wewe naonyesha yeye kwa watu ya soko? Malesh, pole. Lakini hii iko makosa kubwa."

Na yule mama aliinunua mashine. Alirudi baadaye akasema ameshaona kwa macho yake kwamba inatumika. Nilimfungia kwenye katoni, nikambebea mpaka kwenye gari, nikamshukuru. Mama Tereza, nimeuza aibu ya mama yako, na sijui nikuambie kwa maneno gani mengine.

Na wewe nikakudanganya. Ulipolia kwenye simu kwamba Mama amefunga mzigo wake na kupanda gari la Iganga bila hata kunywa chai, mimi nikaanza kubishana nawe habari za kioo na mtu. Wewe una mimba ya kulala kitandani, mama yako ameondoka, na mimi nakufundisha jinsi kompyuta inavyofanya kazi! Sasa nani anakuchotea maji? Usiniambie ni Tereza na ile ndoo kubwa. Nikifikiri kwamba huenda ni wewe, nashindwa hata kumhudumia mteja.

Mjomba wako alinipigia Alhamisi. Aliniambia kwamba mkono wa kulia wa dada yake unatetemeka, hata kikombe hakishiki vizuri, na wazee wa huko hawana shaka kwamba ni obuko, ule ugonjwa unaompata anayegusana na mkwe. Ulimi ulitaka kumjibu kwamba huo ni uzee, au ni sukari, au ni uchovu wa safari. Nikaumeza. Maana mkono huo huo, wewe ulinisimulia, ndio uliokuwa ukikutungia uzi kwenye sindano macho yako yakichoka. Iwe ni obuko, iwe ni fedheha ya kuonwa na watu baki, mimi siwezi kutenganisha. Alikuja kwangu mkono ukiwa mzima.

Nikamuuliza mjomba nitume nini. Akasema atahitaji kuku mweupe na gomesi mpya, watafanya mila yao ya kumwosha, kisha Mama atarudi kwako kabla hujajifungua. Hapo nikapumua. Nikamwambia Okello anaondoka wiki hii, nitampa kila kitu. Mzee akanijibu, "Mkwe, hili halitumwi kwa lori. Umetuma vya kutosha."

Maneno hayo nimetembea nayo tangu Alhamisi. Kwa sababu kuna la pili, ambalo wewe ulilinyamazia. Lado aliniambia zamani nichukue ruhusa wakati wako ukikaribia, na mimi nikakataa. Nikakupigia kwa furaha kabisa nikakuambia hakuna haja ya kupoteza kazi, mtoto nitamwona kwenye kioo siku hiyo hiyo, mkubwa na mwangavu kuliko nikiwa pale. Ulisema "sawa". Nilijua sawa yako ya kweli ilivyo, na ile haikuwa yenyewe. Nikajifanya sijasikia kwa sababu ilinifaa.

Jana nilikwenda kumwomba Lado ile ruhusa niliyoikataa. Nilitayarisha maelezo marefu. Hakutaka kuyasikia. Alisema tu, "Kalas, basi, enda. Duka nabaki," akaendelea kuhesabu katoni za wino.

Basi sikiliza mpango, na kama una neno mwambie Barasa, maana kaka yangu simu yake napokea. Barua hii itakutangulia kukufikia. Mimi natoka huku mwisho wa wiki. Sitaingia Busia kwanza. Nitapitia Iganga, nimpe mjomba kuku na gomesi kwa mkono wangu, nipige magoti mbele yake na niseme kila kitu, pamoja na habari ya yule mteja. Akiona nisamehewe, yeye atamleta Mama kwako, na mimi nitangoja hapo kwake mpaka nisikie ameshafika na ameketi.

Lakini mashine itoke sebuleni kabla Mama hajafika. Mwambie Barasa aichomoe aibebe, ikae kwake. Tereza atakwenda kusoma huko akitoka shule, na wateja wa gomesi wasubiri mpaka utakapopata nguvu, dunia haitaisha. Najua utaikosa, hasa mchana ukiwa peke yako umelala, na najua Mama atazikosa kwaya zake. Nimemnunulia redio ndogo. Ni ya kuzungusha kwa mkono tu, haioni mtu.

Mimi nitalala kwa Barasa. Chini ya paa letu sitakanyaga mradi Mama yumo, hata mtoto akizaliwa usiku wa mvua. Maji nitachota mimi, asubuhi na jioni, na ndoo nitaiacha mlangoni nigonge niondoke. Kuni nitapasua nje ya ua. Mtoto akishazaliwa, Tereza atamtoa nje nimshike kidogo, kisha nimrudishe kwenu. Watu watacheka kwamba Wandera ametoka Juba kuja kuishi nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Wacha wacheke.

Msalimie Tereza, mwambie baba amesikia kwamba amekuwa wa kwanza kusoma ubaoni. Msalimie kaka yangu Barasa na shemeji, wanivumilie, nakuja kuwajazia nyumba. Msalimie jirani Mama Hamisi, na kama ndiye anayekuchotea maji sasa, mwambie nitamlipa kwa kumpasulia kuni za mwezi mzima. Dada yako wa Bugiri mwambie nimezipokea kelele zake zote kwenye simu na nilizistahili.

Na Mama, akishafika na akishapumzika, umwambie hivi. Jioni nitakuja nisimame nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, mgongo wangu ukiwa kwake, nimsalimie bila kumwona kama mkwe anavyopaswa. Sitaki anijibu. Akikohoa tu nitajua amenisikia. Asipokohoa, nitajaza ndoo, niende zangu, na kesho yake nitasimama hapo tena.

Mumeo,
Wandera