Kisigino Nilichoking'oa Mwenyewe

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha mbao
Jumanne, tarehe 14 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnalala chumba kimoja? Na shemeji, mgongo wake unamruhusu kuinama? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Macho yangu yanadai miwani mipya; masikio hayadai kitu, husikia hata nisiyotaka kusikia. Habari za wifi yako nitakueleza huko mbele, maana ndizo zilizonishikisha kalamu.

Katika barua yako uliniuliza hivi: kwa kuwa nimefundisha darasa la karama za Roho kanisani miaka ishirini na miwili, karama yangu mimi ni ipi? Ulinichoma. Nimekaa na swali hilo wiki tatu.

Kanisani kwetu yuko fundi viatu aliyehamia baada ya wewe kuondoka. Tunamwita Gundi, kwa harufu ya kazi yake. Husoma kwa kufuatisha kidole, na akisali husahau alikoanzia. Lakini mtu akiugua, watu hawasemi, "Mwiteni Mwalimu." Husema, "Mwiteni Gundi." Nilivumilia mwaka wa kwanza. Wa pili nilianza kununa.

Mpangaji wa zamu za kutembelea wagonjwa ni mimi. Mwezi wa Machi nilitunga mtihani wa karama, maswali arobaini, nikatangaza kwamba asiyepata nusu hataingia katika zamu. Nilisema ni kwa ajili ya utaratibu. Nawe unanijua: nikilitaja neno utaratibu mara tatu, kuna jambo. Nami niliufanya mtihani huo, nikajisahihisha, nikapata thelathini na tisa. Alama moja nilijinyima kwa ajili ya unyenyekevu.

Gundi alijibu maswali sita. Alipofika la saba, binti wa mshonaji alikuja mlangoni, akamnong'oneza kwamba bibi yake amezidiwa. Gundi akainuka, akaweka karatasi mezani pangu.

"Samahani, Mwalimu. Hayo mengine utanisaidia."

Sikumsaidia. Niliandika sita kati ya arobaini kwa wino mwekundu, nikalifuta jina lake katika zamu.

Mwezi uliofuata wifi yako aliteleza bafuni, akavunjika paja. Mfupa uliunga. Daktari akasema ainuke, afanye mazoezi, la sivyo hatatembea tena. Kila alipojaribu aliogopa kuanguka, akarudi kitandani, akageukia ukuta. Nilimsomea Neno kila asubuhi, nikamfafanulia aya kwa aya. Alinisikiliza kama mtu asikilizavyo mvua juu ya bati. Siku moja akasema:

"Baba, niitie Gundi."

"Hayumo katika zamu."

"Kwani zamu kaandika malaika?"

Mdogo wangu, hebu fikiri. Wengine wamwite, sawa. Lakini mke wangu wa miaka arobaini na moja, ndani ya nyumba yangu? Siku nne nilimnunia mgonjwa. Siku ya tano daktari alimpima mguu, akanivuta nje ya mlango, akaniambia, "Mzee, zimebaki wiki chache. Asiposimama sasa, basi."

Hata hivyo sikutaka nionekane ninaomba. Nilichukua kiatu changu cheusi, kizima kabisa, nikaking'oa kisigino kwa kisu cha jikoni. Nikampelekea Gundi pale anapokaa, kwenye kona ya duka la rangi. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba.

"Mwalimu, hiki hakikung'oka. Kimeng'olewa."

Nikatazama barabarani.

"Mama anaendeleaje?"

Nikamwambia yote. Ya mtihani hakuyagusa. Alifunika vifaa vyake kwa turubai, tukafuatana.

Hakuhubiri. Alikaa kwenye kigoda, akamwomba wifi yako aketi ukingoni mwa kitanda, akatazama nyayo zake kwa muda mrefu.

"Mama, wewe si mwoga. Mguu huu umepungua urefu. Unakanyaga hewa."

Miezi mitatu niliitazama miguu ile, nikaona upungufu wa imani. Yeye aliona upungufu wa unene wa kidole. Kesho yake alirudi na kiatu cha wifi yako cha kushoto, kimeongezwa soli. Akasali, akasahau alikoanzia. Wifi yako akacheka, kisha akasimama.

Nilisema "Bwana asifiwe" kwa sauti kubwa. Moyoni nilikuwa nimevimba. Sitamdanganya mtu wa damu yangu: mke wangu amesimama, nami naonea kijicho mkono uliomwinua! Nimefundisha miaka yote hiyo kwamba karama hutolewa bure, bali tabia hulimwa siku kwa siku, tuta baada ya tuta. Nilifundisha vizuri. Jembe lenyewe sikulishika.

Jumapili nilirudisha jina la Gundi katika zamu, nikajipanga pamoja naye. Baada ya ibada nilimwita kando, nikamwambia kwamba haukuwa utaratibu, ulikuwa wivu.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Haya, nibebee huu mfuko."

Basi naubeba. Wivu haujakwisha, wiki iliyopita mgonjwa mmoja alimshukuru yeye, akanisahau mimi, na nikanuna hadi nyumbani. Lakini nilirudi kesho yake.

Wasalimu wapwa zangu wote, hasa kitinda mimba asiyependa kuandika. Mwambie shemeji asibebe ndoo. Wifi yako anakusalimu, na anakuomba upake kifua mafuta kabla ya kulala.

Jana alitoka nje kwa mara ya kwanza. Nilidhani angetaka kwenda kanisani. Alitaka kwenda kwenye kona ya duka la rangi, akamwonyeshe Gundi anavyotembea. Ni hatua mia tatu. Nilimshika mkono njia nzima, nimevaa kile kiatu cheusi. Kisigino hakitikisiki.

Swali lako naliacha tupu kwa sasa. Usinipe sifuri, nisaidie kwa sala. Mungu akulinde kifua na moyo, na akulainishie njia.

Ni mimi, kaka yako, akupendaye hata anaponuna,

Mwalimu