Sigara ya Baba Mkwe

Getruda, nimempokonya baba mkwe sigara. Kutoka mdomoni kabisa. Na unajua huku Gorong'a mkamwana hata mkono hampi baba mkwe.

Mume wangu Heche alikuwa anamimina petroli kwenye pikipiki kutoka kwenye dumu, baba yake kasimama pembeni anavuta. Nikasema, "Baba, naomba usogee, hiyo ni petroli." Akajibu hafundishwi kuvuta na mwanamke. Nikaichomoa, nikaizima kwa kandambili.

Heche akanigeukia mimi. Eti nimemvunjia baba yake heshima. Wakati ananigombeza, mzee akawasha nyingine. Nyingine, Getruda.

Moto ukalipuka. Nikamkamata mzee shati, nikamburuta mpaka kwenye zizi. Yeye mzima. Heche ameungua mkono, nimeumwagia maji mpaka ukapoa. Pikipiki imebaki vyuma.

Sasa kesho ukoo unakaa kikao. Cha moto? Hapana. Cha mimi kumgusa baba mkwe. Wanataka niombe msamaha.

Nitaenda. Nitawaamkia wote shikamoo, nitakaa chini. Lakini msamaha siombi. Kama mzee yupo hai wa kunishtaki, ni kwa sababu nilimgusa.