Matanga ya Mzee Mjerumani

Dada Esther mpendwa,

Huku ng'ambo, hapa Irving, mvua haijakatika. Jana tulimfanyia matanga mzee wa Kijerumani aliyeuguzwa na Mueni wangu. Hakuwa na ndugu, na wauguzi Wakenya wakasema, "Hatazikwa kama asiye na watu." Baada ya chai ya tangawizi, Mueni akasoma wasifu: "Alizaliwa katika ukoo wa makabaila, akawa mwanajeshi. Alimtungia kila muuguzi shairi siku yake ya kuzaliwa. Mashairi mabaya kweli!" Watu wakacheka. Nikamkumbuka marehemu Baba Mueni na mashairi yake ya harusi, nikalia. Tangu tumzike sikuwa nimelia. Wakanipa pole wakidhani namlilia mzee, nikazipokea.

Mpelekee Baba Mueni maua kaburini, dada. Ujifunike vizuri, baridi isikupate.

Mdogo wako,
Ruth